SOMO: Kuchora mitosisi ya seli ya binadamu bila kukatwa maksi

Kila wiki naulizwa inbox swali lilelile: kwenye mitosisi, yaani seli moja kugawanyika kuwa mbili zinazofanana, kromosomu (vibeba-urithi vya seli) zinajipangaje katikati? Naandika mara moja, basi.

1. Penseli iliyochongwa, duara kubwa.
2. Kromosomu ni 46. Chora nne, andika pembeni kwamba umepunguza.
3. Profezi: zinajikunja, kila moja ina kromatidi (nakala) mbili zilizoshikana. Sentrosomu, vituo vinavyotoa nyuzi, zinaelekea ncha mbili za seli.
4. Utando wa kiini unavunjika, nyuzi za spindeli, zile za kuvuta kromosomu, zinaingia.
5. Metafezi. Hapa ndipo nilipoangukia kidato cha sita. Nilichora kromosomu zangu kama X safi katikati, halafu kila X nikaifunga nyuzi za upande mmoja. Mwalimu akauliza kwa wino mwekundu: "Zote zinahamia kushoto?" Kromatidi pacha zimepeana mgongo. Kila moja ina kinetokori yake (kishikio cha nyuzi) penye sentromia, yaani pale pacha zinaposhikana. Moja inavutwa na ncha hii, nyingine na ncha ya pili. Kuvutana huko ndiko kunakoiweka kromosomu katikati, na hata hapo haitulii, inayumbayumba. ONYO: sentromia ndizo zinazokaa kwenye ikweta (mstari wa katikati ya seli), mikono ielekee itakako. ONYO: usipange jozi ya kromosomu, ya baba na ya mama, ubavu kwa ubavu. Hiyo ni meiosisi ya kwanza, mgawanyiko wa kutengeneza mbegu na mayai.
6. Anafezi: pacha zinaachana, sentromia mbele, mikono ikiburuzwa. Ndiyo maana unaona V.
7. Telofezi: 46 huku, 46 kule.

MASWALI

Dogo_PCB: Mkuu, mwisho kila upande 23, si ndiyo?
Mwandishi: Hatua ya 7.
Dogo_PCB: Ticha wetu alisema nusu.
Mwandishi: Alikuwa kwenye meiosisi. Wewe sijui ulikuwa wapi.

Binti Mdadisi: Samahani kaka, kosa lako la hatua ya 5 likitokea kwenye seli yenyewe?
Mwandishi: Umeuliza la maana, dada. Hutokea sana mwanzoni. Pasipo mvutano, kimeng'enya kiitwacho Aurora B hulegeza nyuzi ili zishike upya. Na kinetokori ambayo haijashikwa hutoa ishara ya kuzuia anafezi. Hata moja tu huichelewesha seli nzima. Kosa likipenya, seli moja inatoka na 47, mwenzake 45.

Mzee wa Maabara: Ndiyo maana sisi tukitaka kuzihesabu kromosomu tunaweka dawa ya kolsemidi. Spindeli inavunjika, kromosomu zinakwama hapohapo. Kisha mmumunyo wa chumvi hafifu, seli ivimbe, zitawanyike.
Mwandishi: Shikamoo mzee. Kabla ya wanasayansi Tjio na Levan kuzihesabu 46, mwaka 1956, vitabu viliandika 48!

Dogo_PCB: Penseli yangu ya HB inachafua karatasi.
Mwandishi: Anza na 2H, kwa mkono mwepesi. Na kifutio kisiwe kile cha mkiani mwa penseli.