Mambo ya kuangalia kabla hujaendesha simulesheni ya mtandao wa umeme

Naandika hasa kwa nyie wadogo zangu mnaochukua mtandao wetu wa kusini kama mada ya mradi wa kuuiga kwenye kompyuta, na siwalaumu, ni mtandao mtamu kusoma. Mtwara na Lindi miaka mingi tumekaa nje ya Gridi ya Taifa tukila umeme wa injini za gesi ya Mnazi Bay, mashine ndogondogo, laini ndefu za kwenda Newala na Masasi, kikitetereka kitu kimoja mji mzima unajua. Sasa mtandao wa hivi unaumbua watu, maana hauna pa kuficha kosa lako.

Kwanza jua unatafuta nini. Unataka kuona frikwensi (mapigo ya umeme kwa sekunde, kwetu hezi 50) inavyoshuka mashine ya kufua umeme ikitoka, au rota, ile sehemu ya mashine inayozunguka, zinavyoyumba baada ya shoti? Hiyo ni RMS, hesabu inayofuata ukubwa wa wimbi tu, hatua ya hesabu ya milisekunde 1 mpaka 10 inatosha, programu za PowerFactory au PSS/E zinamaliza chai yako haijapoa. Unataka radi, transfoma inavyowashwa, inveta za sola zinavyokatakata wimbi? Hiyo ni EMT, hesabu inayofuata wimbi lenyewe nukta kwa nukta, unashuka kwenye maikrosekunde 50 na chini ya hapo, nenda PSCAD au EMTP. Usichague EMT kwa sababu grafu zake zinapendeza, sekunde 20 kwa hatua ya maikrosekunde 50 ni hatua 400,000, utaiacha laptopu inaunguruma mpaka adhana ya alfajiri na jibu ungelipata kwa RMS.

Na ukiingia EMT angalia urefu wa laini. Wimbi kwenye laini ya juu linatembea karibu na mwendo wa mwanga, mita 300 kwa maikrosekunde moja, kwahiyo ndani ya hatua ya 50 limeshaenda kama kilomita 15. Laini fupi kuliko hapo, mfano ya kutoka mjini Mtwara kwenda Mikindani, wimbi linafika ng'ambo programu haijapiga hatua ya pili, modeli ya mawimbi yanayosafiri hapo haifanyi kazi. Punguza hatua au tumia modeli ya pai, ile inayoichukua laini kama kipande kimoja. Programu nyingine zinatoa onyo kabisa ila watu wanabonyeza sawa sawa sawa bila kusoma. Namna hii ya kupiga hesabu aliiandika mhandisi Hermann Dommel 1969 na mpaka leo ndo tunaitumia, na ugonjwa wake tunao: breka (swichi kubwa ya laini) ikikata ghafla mkondo wa koili, volteji inaanza kuruka juu chini kila hatua. Usikimbilie kuandika kwamba umegundua kitu. Igawe hatua nusu urudie, mruko nao ukibadilika mwendo ujue ni wa hesabu, kwenye waya haupo.

Lodi flo, yani hesabu ya umeme unavyogawanyika mtandao ukiwa umetulia, ikae sawa kabla ya yote, hilo halina mjadala.

Alafu endesha bila tukio lolote sekunde 10 au 20, hakuna shoti, hakuna kuzima kitu, mistari yote ya grafu ilale. Ikianza kupanda au kushuka yenyewe kuna mashine imebebeshwa kuliko uwezo wake, gavana (kidhibiti cha kasi ya injini) imegonga kikomo, au AVR (kidhibiti cha volteji) umeiwekea namba ya ajabu. Simama hapohapo utafute.

Ila mistari kulala sio cheti, na hapa ndo naomba mnisikilize vizuri.

Kuna kijana alitengeneza mtandao mdogo wa mfano kama huu wetu, injini tisa za MW 2, kila moja MVA 2.5, ndo kipimo cha ukubwa wa mashine. Lodi flo safi, mistari imelala vizuri tu, akafurahi. Akaitoa mashine moja ikiwa na mzigo kamili, frikwensi ikashuka kwa madaha, gavana zikawahi bila haraka, akaandika kwenye ripoti kwamba rilei za kupunguza mzigo, zile zinazokata feda (laini za wateja) frikwensi ikishuka sana, hazihitajiki. Akaiwasilisha mbele za watu. Sasa kwenye kikao alikuwepo opereta mmoja wa zamu, mtu mzima, programu hizi hajawahi kuzigusa, akaitazama ile grafu akasema, "Mwanangu, hizi mashine za wapi? Za kwangu ikitoka moja, nyingine zinaguna na feda inakatika sijanyanyuka hata kwenye kiti." Watu wakacheka, kijana jasho.

Tukaifungua faili usiku. Kila kitu sawa isipokuwa H, namba ya inesha, yani uzito wa mzunguko unaozuia kasi isibadilike ghafla. Karatasi ya mtengenezaji inasema sekunde 1, na hiyo ni kwa MVA za mashine yenyewe, 2.5. Ile modeli aliyochagua ilikuwa inataka H kwa msingi (kipimo cha kulinganishia) wa mfumo mzima, MVA 100, yeye kajaza 1 kama ilivyo. Kila injini ikapewa inesha mara 40, yani bodaboda imefanywa lori la korosho. Piga kwa mkono uone: mashine nane zilizobaki, kila moja megawati-sekunde 2.5 (H 1 mara MVA 2.5), jumla 20. MW 2 zilizopotea zidisha kwa 50, gawa kwa mara mbili ya 20, unapata hezi 2.5 kwa sekunde. Chini ya nusu sekunde umeshafika 49, na injini ya gesi ndo kwanza inaanza kuitikia. Kwenye grafu yake ilikuwa hezi 0.0625 kwa sekunde! Na mistari ililala kwa sababu H haina kazi mpaka kasi ibadilike, bila tukio hata ungejaza 1,000 ingelala vilevile.

Kwahiyo fungua manyuali usome kila namba inatakiwa kwa msingi gani, zinatofautiana modeli na modeli, alafu mteremko wa kwanza wa frikwensi upige kwa mkono kabla hujaangalia grafu. Dakika tano. Visipokaribiana, usiipeleke hiyo ripoti popote.

Mzigo nao. Ukiuacha wote kama upinzani tu, volteji ikishuka mzigo unapungua kwa mraba wake na mtandao unaonekana mpole. Viwanda vya kubangua korosho, pampu za maji, mashine za kusaga, zile ni mota, baada ya shoti zinavuta mkondo mara 5 mpaka 7 zikitafuta kasi na volteji inakawia kurudi. Gawa mzigo, mota kiasi fulani. Muda wa kukata shoti pia usinakili milisekunde 100 ya kitabuni, laini za kV 33 zinaweza kuchukua zaidi, kaulize rilei imewekwaje.

Mengine madogo: hifadhi matokeo njiani, umeme wetu mnaujua na kompyuta ya mezani haina betri, zima masasisho ya Windows usiku unaoendesha, angalia diski ina nafasi, usirekodi kila kigezo cha kila basi, yani kila kiungo cha mtandao. Faili ya jana usiiandike juu, ipe jina jipya lenye tarehe, na ukinitumia niangalie andika na toleo la programu, sio unatuma tu "bro haifunguki".