Namna ya Kuandaa Kipindi cha Redio Kuhusu Udugu wa Wanamuziki wa Kantri na Wanamichezo

Wapenzi wa muziki wa kantri hapa Malindi ni wengi, na kipindi cha saa moja kinachoeleza jinsi waimbaji wao walivyofungamana na wanamichezo wa kulipwa kitapata wasikilizaji, ila mtangazaji ajiandae vizuri. Jambo la kwanza ni kutenganisha damu, ndoa na usuhuba. Wasikilizaji wa Pwani, ambao wengi wao wanaweza kumtajia mtu nasaba ya jirani yake mpaka kwa mababu, hawatapenda mambo hayo matatu yachanganywe, nao wana haki.

Damu ipewe nusu ya kipindi, kwa sababu kisa chake ni kizito. Mwimbaji wa kantri Tim McGraw, aliyezaliwa Louisiana, Marekani, mwaka 1967, alikua akiamini kuwa baba yake wa kambo ndiye aliyemzaa, hadi alipokuwa na umri wa miaka 11, alipokiona cheti chake cha kuzaliwa na kusoma humo jina la Tug McGraw, mchezaji maarufu wa besiboli. Tug hakumkubali mwanawe mpaka kijana alipokaribia utu uzima, kisha wakapatana na kupendana. Eleza hapa kwamba katika besiboli mrushaji ndiye anayeanzisha kila pigo, ili msikilizaji aelewe uzito wa mwaka 1980, wakati Tug aliporusha mpira wa mwisho ulioipa timu ya Philadelphia Phillies ubingwa wake wa kwanza. Alifariki Januari 2004 kwa uvimbe wa ubongo, akiwa kwa mwanawe huko Tennessee. Timu hiyo iliporudi katika fainali mwaka 2008, Tim aliingia uwanjani akamwaga majivu ya baba yake pale wanaposimama warushaji. Kuchoma maiti ni jambo gumu kwa wasikilizaji wetu wengi. Litaje kwa heshima, bila kulihukumu, kisha uendelee.

Hapa pana kosa ambalo watangazaji hulirudia, la kusema kwamba Tim aliuandika wimbo "Live Like You Were Dying" kwa ajili ya baba yake. Waandishi wake ni Tim Nichols na Craig Wiseman, naye Tim McGraw aliurekodi mwaka huohuo wa msiba. Ukweli huo hauupunguzii wimbo chochote, kwa hiyo usemwe ulivyo, na wimbo upigwe mara baada ya maelezo.

Kwa ndoa, mfano mmoja unatosha. Mwimbaji Carrie Underwood aliolewa Julai 2010 na Mike Fisher, mchezaji wa hoki ya barafuni aliyekuwa Ottawa nchini Kanada, na mwezi Februari 2011 Fisher akahamia timu ya Nashville Predators. Nashville ndiyo makao makuu ya muziki wa kantri, nayo ina timu za kulipwa za hoki na za mpira wa Kimarekani, hivyo waimbaji na wachezaji huishi mji mmoja na hukutana kwa urahisi.

Charley Pride asiachwe, maana alikuwa mwimbaji na mwanamichezo kwa pamoja. Kabla ya kusifika kwa sauti yake alikuwa mrushaji wa timu ya besiboli ya Memphis Red Sox, katika ligi za Wamarekani weusi waliobaguliwa, na kaka yake Mack pia alicheza besiboli. Mwaka 2010 Pride akawa mmoja wa wamiliki wa timu ya besiboli ya Texas Rangers. Mimi ningeanza kipindi kwa wimbo wake, kwa kuwa sauti yake inafahamika sana nchini Kenya.

Usuhuba ndio unaohitaji tahadhari kubwa zaidi. Picha ya watu wawili waliokumbatiana haithibitishi urafiki; tafuta kazi waliyoifanya pamoja. Mwimbaji Garth Brooks, kwa mfano, alifanya mazoezi na timu ya besiboli ya San Diego Padres mwaka 1999, na shirika la kusaidia watoto aliloliasisi hupokea michango ya wanamichezo. Ikiwa huna ushahidi wa namna hiyo, sema tu kwamba wawili hao wanafahamiana.

Mwisho, zingatia saa. Malindi iko mbele ya Nashville kwa saa nane au tisa kulingana na majira, kwa hiyo mechi ya huko ya saa moja usiku huanza hapa saa tisa au kumi usiku. Anayetangaza asubuhi ahakikishe matokeo kwanza ndipo atoe salamu za pongezi kwa familia yoyote.