Ukipanda Kilimanjaro, omba upelekwe hadi kwenye barafu yenyewe

Wengi huiona barafu ya Kilimanjaro kwa mbali tu. Wanafika Stella Point, ukingoni mwa kreta (shimo la volkano kule juu), alfajiri, wanajikokota hadi kilele cha Uhuru, picha kwenye bango, basi, wanashuka. Mara ya kwanza nilifanya hivyohivyo, nikajuta njia nzima ya kurudi Dar.

Kwa hiyo sema mapema. Siku ya kulipia, mwambie mwongozaji unataka kushuka ndani ya kreta, kwenye barafu ya Furtwängler. Ukikumbuka ukiwa kileleni, mita 5,895, atakutazama tu. Ratiba ya kushuka imeshapangwa na wapagazi wanakungoja chini. Na huruhusiwi kupanda bila mwongozaji mwenye leseni, kwa hiyo neno lake ndilo la mwisho. Chukua njia ya siku nyingi, kama Lemosho ya siku 8, mwili uzoee hewa nyepesi. Marangu ya siku 5 mimi siitaki tena. Mtanzania, usisahau kitambulisho. Kiingilio cha mwananchi ni nafuu mno.

Koti na glavu nilizipata kwenye mitumba ya soko la Memorial, Moshi, baada ya kubishana bei nusu saa. Miwani ya jua ndiyo usiionee uchungu pesa. Nilivaa ya kuuziwa kwenye foleni, na jioni macho yalikuwa kama yametiwa mchanga.

Usiku wa kuondoka kambi iitwayo Barafu, ya mwisho kabla ya kilele, igeuze chupa mdomo chini: maji huanza kuganda kwa juu, hivyo mdomo hautaziba. Simu iweke kifuani, ndani ya nguo. Baridi humaliza chaji upesi.

Kreta yenyewe ni majivu na mchanga, unatembea kama ufukweni, ila pumzi hakuna. Halafu barafu. Si nyeupe kama ya kwenye kalenda. Kwa chini ina bluu, na mistari ya vumbi imepangana kama matabaka ya chapati. Siku hizi imebaki vipande. Usisimame chini ya ukuta wake, jua likipanda humeguka.

Nilikuwa nimeshausogelea mno.

"Dada, rudi nyuma," mwongozaji akasema. "Hapo uliposimama, nilipoanza kazi hii palikuwa ndani ya barafu."

Nikarudi hatua kumi. Baada ya dakika ishirini akaniuliza kichwa kinasemaje. Nikamwambia kweli, kinagonga. Tukaondoka saa ileile.