SOMO: Umekuta ndege ana pete mguuni huku ziwani? Soma hapa kabla hujaitoa

Mwangaluka wakuu. Saa hizi ndege wageni wamejaa Ziwa Victoria, buabua, vitwitwi, na korongo weupe, wengi wanatoka Ulaya na Urusi wanakimbia baridi. Baadhi wana kipete cha chuma mguuni, wamevishwa na watafiti wa ndege, na huku mialoni nyingi zinaishia kuchezewa na watoto, inauma kwa kweli, maana ile namba ndo kitambulisho cha ndege.

1. Kama yuko hai kanasa kwenye nyavu, pete USIITOE. Mbane mabawa yatulie, kata uzi, soma namba, muachie aende. Akiwa korongo chunga macho yako, ule mdomo hauna utani.

2. Andika KILA kitu, namba na herufi na jina la mahali. Za Ujerumani utakuta Helgoland au Radolfzell, za Urusi Moskwa, za Ufaransa Museum Paris. Piga picha kadhaa kuizunguka pete yote, picha moja itakupa nusu ya namba na nusu haina kazi. Zile za plastiki zenye rangi taja rangi, herufi, na mguu wa kulia au kushoto (wa ndege, sio kwako unavyomuangalia).

3. Tarehe na mahali. Usiandike "Mwanza" ukaishia hapo, Mwanza ni kubwa, andika Igombe au Kayenze, na kama simu ina ramani chukua namba za GPS. Sema alikuwa hai au kafa, na kafaje.

4. Tuma kwenye tovuti ya EURING, hao ndo wanaunganisha vituo vya pete vya Ulaya.

Kwanini ujisumbue? Kuna mkataba unaitwa AEWA, wa ndege wa maji wanaohama kati ya Afrika na Ulaya na Asia, ulikubaliwa The Hague 1995 ukaanza kazi 1999, ofisi yake iko Bonn, unagusa spishi 255, na Tanzania, Kenya na Uganda zote zimo. Sasa Mjerumani anaweza kulinda kiota miezi yote halafu ndege akafia kwenye nyavu huku na yeye asijue kabisa, atajuaje wapi pa kusaidia? Kila Januari kuna zoezi la kuhesabu ndege wa maji nchi nyingi kwa pamoja, ila kuhesabu hakukwambii huyu katoka wapi, pete inakwambia.

MASWALI

Mtoto wa Mwaloni: Mkuu kuna hela hapo?
Jibu: Hamna. Unaletewa historia yake, kavishwa pete wapi na lini.

Dagaa Kavu: Nimemkuta kafa, naweza kumla?
Jibu: Hapana asee, mafua ya ndege yapo. Usishike mikono mitupu, vaa glovu au mfuko (ule uliopigwa marufuku kama bado umeuficha). Ukikuta wengi wamekufa sehemu moja mwambie afisa mifugo.

Shemeji wa Ukerewe: Huku tumemuona mmoja ana kidude mgongoni na waya, wazee wanasema katumwa, wengine eti jasusi, vijana wanataka kumpiga mawe.
Jibu: Wazuie shem! Hicho ni kifaa cha kumfuatilia kinatumia satelaiti, kinachotumwa hasa ni mahali alipo, hakisikilizi maongezi ya mtu. Piga picha kwa mbali. Akifa usikivunje, kwa kawaida kina namba, itume pamoja na picha.