Kabla greda halijaingia saiti: ardhi na mkataba kwa macho ya mhandisi

Ukikabidhiwa mradi Tanzania, usianze kwa kudai michoro. Dai hati ya kiwanja, kisha usiiamini mpaka umefanya upekuzi kwa Msajili wa Hati. Karatasi aliyonayo mteja kabatini inakuonyesha hali ilivyokuwa siku ilipotolewa. Upekuzi unakuonyesha hali ya leo: nani amesajiliwa, kama kuna rehani ya benki, kama kuna mtu ameweka zuio.

Kwa nini hili liwe la mhandisi na si la wakili peke yake? Kwa sababu jengo linafuata ardhi. Ukishamwaga zege, saruji na nondo zako si zako tena, zimekuwa sehemu ya kiwanja. Ndugu wa marehemu wakienda mahakamani kudai kiwanja kiliuzwa bila msimamizi wa mirathi, amri ya zuio itasimamisha saiti yako, mashine zitaendelea kula kodi, na mteja atakwambia na yeye ni mhanga. Kiwanja cha mirathi kidai barua ya usimamizi. Cha wanandoa kidai ridhaa ya mwenza: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mmoja auze au aweke rehani nyumba ya ndoa bila mwenzake kuridhia. Na kama mauziano yenyewe yalikuwa ya mdomo mbele ya mjumbe, jua kwamba Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inataka mkataba wa kuhamisha haki ya ardhi uwe wa maandishi.

Isome hati mpaka mwisho. Ardhi yote nchini ni ya umma, Rais akiwa mdhamini, hivyo alichopewa mteja ni haki ya kuitumia kwa muda, miaka 33, 66 au 99, na kwa masharti. Sharti linalowaponza wahandisi zaidi ni la matumizi. Kiwanja cha makazi hakigeuki cha hosteli au kituo cha mafuta kwa sababu michoro imependeza. Kuna utaratibu wa kubadili matumizi, na unaanza kabla ya kibali cha ujenzi. Mpeleke mpima akafufue bikoni, yaani alama za mipaka ya kiwanja. Pima umbali kutoka majini pia, maana Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka bahari, ziwa au mto. Hifadhi ya barabara iulizie TANROADS (wakala wa barabara kuu na za mikoa) au TARURA (wakala wa barabara za vijijini na mijini) kwa maandishi, usikisie kwa kutazama nyumba za majirani. Majirani wa Barabara ya Morogoro kule Kimara walitazamana hivyohivyo kwa miaka, mpaka bomoabomoa ya mwaka 2017.

Vibali nitavipitia haraka, kwa kuwa hapa tatizo ni uvivu tu. Mkandarasi awe amesajiliwa CRB, bodi ya makandarasi, na daraja lake liruhusu thamani ya kazi hiyo. Wewe uwe na usajili ulio hai wa ERB, bodi ya wahandisi, mbunifu na mkadiriaji majenzi wawe na wa AQRB, bodi yao, halmashauri iwe imetoa kibali, OSHA, wakala wa usalama mahali pa kazi, iandikishe saiti, na NEMC, baraza la mazingira, ihusishwe mradi ukiangukia kundi lake. Anayedhani muhuri wake kwenye mchoro ni wa kupamba akumbuke jengo la Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, lililoanguka Machi 2013 na kuua watu zaidi ya 30. Kesi haikuishia kwa mwenye jengo; wataalamu wa ujenzi nao walisimama kizimbani.

Sasa mkataba. Uliza kwanza ni wa aina gani. Kazi za majengo za watu binafsi mara nyingi hutumia fomu ya Baraza la Taifa la Ujenzi, za serikali hufuata nyaraka za ununuzi wa umma, na miradi yenye fedha za wafadhili huja na FIDIC, mikataba ya mfano ya shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri. Ukishajua, anza na masharti mahususi, halafu ndiyo urudi kwenye masharti ya jumla. Humo katika masharti mahususi ndimo mwenye mradi alimobadilisha mambo. Tafuta kifungu kinachosema nyaraka ipi inashinda zikigongana. Mchoro ukionyesha nondo ya milimita 16 na BOQ (orodha ya kazi, vipimo na bei) ikisema 12, jibu liko kwenye kifungu hicho, haliko kwenye vitabu vya chuo. Tafuta pia jina la mtu mwenye mamlaka ya kutoa maelekezo. Mara nyingi si mwenye mradi, na hakika si shemeji yake anayekuja jioni kukagua tofali.

Lakini ukiwa na nusu saa tu ya kuusoma mkataba, itumie kwenye vifungu vya notisi. Humu ndimo wahandisi wanamopotezea fedha, tena wakiwa na haki. Chukua FIDIC, Kitabu Chekundu cha mwaka 1999, kifungu cha 20.1: mkandarasi anayetaka nyongeza ya muda au ya malipo lazima atoe notisi ndani ya siku 28 tangu alipojua, au alipopaswa kujua, tukio lenyewe. Zikipita, muda hauongezwi na malipo ya ziada hayapo. Tuseme tarehe 3 Juni kijiko kimegonga mwamba ambao ripoti ya udongo haikuutaja. Mnaleta mashine ya kuvunja, mnapiga kazi wiki tano usiku na mchana, mhandisi mshauri anakuja kila siku na kusifu juhudi. Tarehe 8 Julai mnaandika barua ya madai. Mwamba ni wa kweli, gharama ni za kweli, shahidi ni mshauri mwenyewe, na bado mmechelewa: siku ya 28 ilikuwa tarehe 1 Julai. Barua ya mistari mitatu tarehe 4 Juni, isiyo hata na hesabu, ingetosha kuilinda haki hiyo, na hesabu zingefuata.

Maelekezo ya simu nayo ni vivyo hivyo. Mwenye mradi anapiga: "Injinia, hebu tuongezee chumba kimoja hapo nyuma." Usibishane naye, na usichimbe. Andika siku hiyohiyo kwa mwenye mamlaka: "Rejea mazungumzo ya simu ya leo saa nne asubuhi kuhusu chumba cha ziada upande wa nyuma. Tunaomba maelekezo ya maandishi kabla ya kuanza. Kazi hii itaathiri gharama na muda." Ujumbe wa WhatsApp unaweza kupokelewa mahakamani kama ushahidi wa kielektroniki, ila kama mkataba unasema notisi ipelekwe kwa barua kwenye anwani fulani, WhatsApp haiwi notisi. Peleka barua, igongwe muhuri wa kupokelewa, nakala iingie kwenye faili.

Kwenye fedha, piga hesabu kabla ya kusaini. Chini ya FIDIC hiyohiyo malipo yanaweza kufika siku ya 56 tangu mshauri apokee maombi, kwa hiyo uwe na mtaji wa kuwalisha vibarua miezi miwili bila senti ya mwenye mradi. Angalia asilimia inayozuiwa kila malipo, na itarudi lini, nusu kazi ikikabidhiwa na nusu kipindi cha matazamio (cha kurekebisha kasoro baada ya makabidhiano) kikiisha, au vinginevyo. Fidia ya ucheleweshaji igeuze iwe shilingi: mkataba wa milioni 800 wenye asilimia 0.1 kwa siku unakukata 800,000 kila kukicha, na kikomo cha asilimia 10 kinafika siku ya 100. Kikifika, barua inayofuata huwa ya kuvunja mkataba. Kifungu cha 74 cha Sheria ya Mikataba kinampa aliyevunjiwa mkataba fidia ya kuridhisha isiyozidi kiwango kilichoandikwa, kwa hiyo kiwango kikubwa kupita kiasi kinaweza kubishaniwa. Ni nafuu zaidi kukibishania kabla ya saini.

Migogoro: ona kama mkataba unapeleka kwenye usuluhishi, chini ya kanuni zipi, na nani anamteua msuluhishi mkishindwa kukubaliana. Ukikaa kimya, dai la mkataba linakufa baada ya miaka 6. Na mkataba ukishasainiwa, uwahishe TRA ulipiwe ushuru wa stempu, kwa sababu usiolipiwa mahakama haiupokei kama kielelezo mpaka ulipiwe pamoja na adhabu yake, na wakili wa upande wa pili hilo ndilo atakaloanza nalo.