Maji ya moto ya jua kwa pipa, bati na maranda: nilivyotengeneza nyumbani Newala

Mwezi wa saba hapa Newala baridi inauma. Wenzetu wa Mtwara mjini wanalala na feni, sisi huku juu tunalala na blanketi. Mwezi huo ndipo binti yangu alipojifungua, na kwetu mzazi lazima akandwe. Shangazi yake akahamia nyumbani, anaamka saa kumi na moja alfajiri kuwasha moto, jioni tena vilevile. Haikupita wiki mbili, kuni nilizozikadiria mwezi mzima zikawa zimekwisha. Na huku mchana jua linawaka juu ya bati, halina kazi. Iliniuma. Mimi ni seremala, mbao ninazo na maranda ninayo, nikaamua kutengeneza cha kuchemshia.

Nimekitengeneza mara mbili. Cha kwanza kilishindwa, na nitaeleza sababu yake, maana kosa lile mchana hulioni kabisa.

Kazi yenyewe haina pampu wala umeme. Maji yakipata moto huwa mepesi yakapanda, ya baridi huwa mazito yakashuka. Ukiweka sanduku la jua chini, pipa juu yake, na mabomba mawili katikati, maji yanazunguka yenyewe tangu asubuhi hadi jua litakapoinama.

Anza na vipimo. Bati la bapa, lisilo na migongo, la futi 8 kwa 4, ni karibu mita 3 za mraba. Siku ya jua zuri kila mita ya mraba hupokea kama uniti 5, uniti zile zile za LUKU. Sanduku la kutengeneza nyumbani litakuokolea kama asilimia 40 ya hizo, yaani uniti 6 kwa bati zima. Hizo zinapandisha pipa la lita 200 kutoka nyuzijoto 22 mpaka 48 hivi. Kwa hiyo bati zima kwa pipa zima. Ukikata bati nusu ili ubane matumizi, utapata maji ya uvuguvugu tu.

Mabomba ya chuma huuzwa kwa urefu wa mita 6. Nunua matatu ya nusu inchi, kila moja likate vipande vitano vya mita 1.2, upate 15. La inchi moja nunua moja tu, likate vipande viwili vya mita 2.5 kila kimoja. Fundi wa kuchomelea atoboe matundu 15 kwenye kila bomba nene, nafasi ya kama sentimita 16 kati ya tundu na tundu, kisha achomelee vile vyembamba katikati kama vidato vya ngazi. Ncha mbili za mshazari zibaki wazi: ya chini kushoto maji ya baridi yaingie, ya juu kulia ya moto yatoke. Mbili nyingine zizibwe. Kazi hii ifanyike nje penye upepo, na fundi asikae upande moshi unakokwenda, kwa sababu zinki iliyopakwa kwenye mabomba ikiungua hutoa moshi unaoleta homa. Kabla hujalipa, jaza maji uone kama panavuja.

Sasa lifunge fremu hilo juu ya bati kwa waya, kila baada ya shubiri moja, na ukaze kwa koleo mpaka bomba lilale kwenye bati lisiache nafasi ya kupitisha hata ukucha. Hapa usiwe na haraka. Bati ndilo linalopokea jua, bomba ndilo lenye maji, na pasipogusana moto unabaki kwenye bati. Mimi nilitumia siku nzima kwa kukaza waya tu. Ukimaliza paka rangi nyeusi isiyong'aa, bati na mabomba pamoja.

Sanduku ni mbao za inchi sita kuzunguka, na mgongo wa mbao. Chini ya bati shindilia maranda makavu kiasi cha vidole vinne. Mwenye sufi atumie sufi, ni bora zaidi. Juu funika kioo cha milimita 4, vipande vinne vya futi 2 kwa 4, kila kiungo kikae juu ya papi na kibanwe kwa silikoni. Acha nafasi ya milimita 3 pembeni, kioo kikipata moto hutanuka. Toboa vitundu viwili vidogo upande wa chini ili unyevu utoke, la sivyo kioo kitafuka ukungu kila asubuhi. Na sanduku lisikae ardhini, liweke juu ya matofali. Mchwa wa huku hawana huruma na mbao.

Kuhusu mwelekeo, sisi tuko digrii 11 kusini mwa ikweta, na miezi ya baridi jua la mchana hupita upande wa kaskazini. Sanduku litazame huko. Kama huna dira, tazama msikiti ulio karibu nawe: Makka iko kaskazini yetu, imenyooka karibu kabisa, kwa hiyo kibla chetu ndicho kaskazini. Kisha ukingo wa juu uinue uwe sentimita 42 juu ya ukingo wa chini. Huo ndio mwinamo wa digrii 20, unaofaa mwezi wa sita na wa saba, wakati maji ya moto yanapotakiwa hasa. Tumia pima maji kuhakikisha upande unaotoka moto umepanda kidogo kuliko ule wa baridi. Hewa ikikwama ndani ya bomba, maji hayazunguki.

Pipa tafuta la chuma lililobeba mafuta ya kula. Lililowahi kuwa na dawa ya mikorosho usilisogelee hata ukipewa bure. Watoto wataogea maji hayo. Lifunue mfuniko kwa tindo kwanza, ulioshe kwa maji ya moto na sabuni, ndipo lipelekwe kwa fundi. Pipa lililozibwa lenye mabaki ya mafuta likipigwa moto linaweza kulipuka.

Pipa linahitaji matundu matatu yenye soketi. La kwanza sentimita 5 kutoka chini, ndiko maji ya baridi yanakoshukia sandukuni. Hapo weka tii na koki ya kumwagia matope. La pili kama robo tatu ya kimo, maji ya moto yanaingilia hapo. La tatu karibu na mdomo wa juu, hilo ndilo la kutolea maji ya kuoga, na halina koki. Sababu ni kwamba hapa Newala bomba la mtaa si la kulitegemea, wengi tunachota kwenye visima vya maji ya mvua. Kwa hiyo nimeweka faneli juu ya mfuniko, yenye bomba la plastiki linaloshuka ndani mpaka karibu na kitako cha pipa. Shangazi anapanda ngazi yangu ya matofali, anamimina ndoo moja ya baridi kwenye faneli. Ile baridi inakwenda kulala chini, inasukuma moto juu, na kule bafuni ndoo inajaa maji ya moto kwa kipimo kilekile. Pipa halipungui, na maji hayachanganyiki ukimimina taratibu.

Pipa likijaa lina uzito unaozidi kilo 200. Jukwaa lake liwe la tofali au nguzo za mti mgumu, usitumie mirunda.

Sasa lile kosa. Mara ya kwanza niliweka kitako cha pipa usawa mmoja na katikati ya sanduku, kwa kuwa sikutaka kujenga jukwaa refu. Saa kumi jioni maji yanaunguza mkono, nyumba nzima tumefurahi. Alfajiri shangazi akamimina ndoo yake, akatoka bafuni akaniambia, "Baba, haya ni ya kisimani." Nikaongeza maranda kuzunguka pipa, wapi. Usiku wa tatu, saa nne, nilitoka nje nikashika bomba la juu. Lilikuwa la moto. Jua limezama saa nyingi, na bomba la moto! Ndipo nikaelewa kwamba sanduku usiku linapoa kwa baridi, maji yake yanakuwa mazito, yanashuka kurudi pipani, na yale ya moto ya pipa yanavutwa kwenda sandukuni kupoa. Kile kilichochemsha mchana ndicho kilichopoza usiku.

Dawa yake ni kimo. Kitako cha pipa kiwe juu ya ukingo wa juu wa sanduku kwa sentimita 30 au zaidi; mimi nimeweka 40. Mabomba ya kuunganisha yapande moja kwa moja bila kushuka popote. Halafu lijengee pipa kabati la mbao, lenye nafasi ya shubiri kila upande, juu na chini pia, ulijaze maranda au sufi. Lipaulie bati lisinyeshewe, maranda yakilowa hayazuii kitu. Mabomba yafunge matambara na nailoni juu yake. Kama fedha yako ni ndogo, punguza mahali pengine, hapa usipunguze.

Siku ya kujaza, jaza asubuhi mapema, sanduku likiwa limefunikwa turubai. Usimwage maji baridi kwenye sanduku tupu lililokwisha kupata jua. Maji ya juu ya pipa yanaweza kubabua, hivyo kwenye ndoo ya mtoto tangulia kuweka ya baridi. Ya kukandia tunayatia jikoni kidogo tu, vijiti vitatu vinatosha. Si ya kunywa.

Msimu wa kupuliza salfa kwenye mikorosho vumbi lake hutua juu ya kioo. Kifute kwa kitambaa chenye maji alfajiri, kamwe si mchana, kitapasuka. Masika mawingu yakifululiza, kuni utazihitaji.

Na usiku wa kwanza, saa nne, toka nje ushike bomba la juu. Likiwa la baridi, kalale.