Muuaji mmoja, kesi kumi: namna ya kulipima dai kabla ya kulisambaza

Video na sauti zinazodai kwamba mtu mmoja ndiye aliyefanya mauaji yote maarufu ambayo hayajapata jibu hazikauki kwenye magrupu, na vijiwe vya Majengo hapa Dodoma havikosi msimuliaji. Kulipima dai la aina hiyo kunataka daftari, kalamu na jioni mbili za kusoma.

Chora safu tano: tarehe na mahali, umri wa mtuhumiwa siku ile, karatasi inayoonyesha alikuwa wapi, kilichobaki eneo la tukio, na nani anadai. Kila kesi ipate mstari wake. Wengi huanza na kufanana kwa mauaji, na hapo ndipo wanapopotea. Anza na tarehe, maana tarehe haibembelezeki.

Mchukue Edward Wayne Edwards, aliyezaliwa Akron, Ohio, Juni 1933. Mauaji matano yake yamethibitishwa: mawili ya 1977, mawili ya 1980, na moja la 1996. Wapo wanaomtwika pia mauaji ya Elizabeth Short, ambaye mwili wake ulikutwa Los Angeles tarehe 15 Januari 1947. Piga hesabu: siku hiyo Edwards alikuwa mvulana wa miaka 13, na Akron iko zaidi ya kilomita 3,000 kutoka Los Angeles. Anayemtaja ndiye mwenye deni la kuonyesha alifikaje. "Huenda alitoroka nyumbani" usiiandike kwenye safu ya karatasi. Iache safu tupu.

Safu hiyo ya tatu ndiyo inayoua madai mengi. Tafuta rejesta za magereza, malipo ya kazi, kumbukumbu za hospitali. Thomas Neill Cream husemwa kuwa ndiye Jack the Ripper, muuaji wa Whitechapel, London, wa mwaka 1888, lakini mwaka huo wote alikuwa kifungoni Illinois, Marekani. Mstari umekwisha.

Kukiri nako kusikutishe. Henry Lee Lucas alikiri mamia ya mauaji. Mojawapo lilikuwa la mwanamke aliyekutwa karibu na Georgetown, Texas, tarehe 31 Oktoba 1979, na kwa hilo akahukumiwa kifo. Rekodi za kazi zilionyesha kuwa siku zile alikuwa Jacksonville, Florida, umbali unaozidi mara tatu wa Dodoma hadi Dar es Salaam. Mwaka 1998 adhabu ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha. Mwanamke yule, Debra Jackson, alitambuliwa kwa jina mwaka 2019 tu. Ndiyo maana inauma dai la uongo linapopokelewa: faili linafungwa, na aliyeua hatafutwi tena. Kwa kila aliyekiri, uliza alitaja nini ambacho polisi hawakuwa nacho, na kama alionyeshwa picha au kupelekwa eneo la tukio kabla ya kuhojiwa. Sture Bergwall wa Sweden alitiwa hatiani kwa mauaji manane kwa maneno yake mwenyewe, na hukumu zote zikafutwa.

Sasa ndipo uje kwenye kufanana. Kisu, kamba, barua kwa magazeti: hivyo vipo kwenye kesi nyingi mno. Andika tofauti pia, kisha fanya jaribio hili: chukua muuaji mwingine kabisa, umuunganishe na kesi zilezile kwa mbinu ileile. Ukiweza, mbinu hiyo inaunganisha chochote na chochote.

Muuaji mmoja mwenye kesi nyingi yupo, tena sana. Huko California, ubakaji wa kaskazini na mauaji ya kusini viliunganishwa mwaka 2001, na Joseph DeAngelo akakamatwa 2018. Kilichounganisha ni vinasaba (DNA) vilivyotunzwa tangu matukio yenyewe, na jina likaja mwisho. Dai lililoanza na jina likaenda kutafuta kesi lirudishe kwenye safu ya nne.

Ukimaliza, kata kila mstari unaokanushwa na karatasi, na kila usio na karatasi wala sampuli. Inayobaki ndiyo ya kupeleka kwenye grupu, ikiwa na tarehe zake.